UZI: Vipokezi vya seli kwenye utumbo wa farasi, na kwanini inflamesheni yake haizimwi kirahisi hivyo

KwatoNne (mleta uzi):

Wakuu habari za saa hizi. Kuna maneno mengi sana yanazunguka kuhusu virutubisho vya kutuliza tumbo la farasi, kila muuzaji anakwambia cha kwake kinashika kipokezi fulani na inflamesheni (ule uvimbe, joto na maumivu ya kinga ya mwili kupigana) inaisha, na watu wanapokea tu bila kuuliza hicho kipokezi kimekaa wapi na kikiguswa kinafanya nini. Nimeona nifungue uzi tujadili taratibu, manake farasi sio panya na wala sio binadamu, na hapo ndo kesi nzima ilipo.

Iko hivi. Kipokezi ni protini, mara nyingi imechomekwa kwenye utando wa nje wa seli, upande mmoja unachungulia nje na mwingine uko ndani. Ichukulie ni kengele ya mlangoni: anayebonyeza haingii ndani, na kitakachotokea kinategemea nani yuko ndani ya nyumba. Kipokezi kilekile kikiwa kwenye neva ya utumbo kinaweza kupunguza mwendo wa chakula, kikiwa kwenye seli ya kinga kinabadilisha kabisa namna inavyopigana. Kwa hiyo mtu akikwambia "inawasha kipokezi fulani" akaishia hapo, bado hajakwambia kitu.

Alafu tukumbuke utumbo tunaouongelea ni wa namna gani. Utumbo mwembamba wa farasi una urefu wa mita 20 na ushee, baada ya hapo unakuja sekamu, ule mfuko mkubwa wa mwanzo wa utumbo mpana, unabeba kama lita 30, halafu utumbo mpana wenyewe lita 80 hivi au zaidi kwa farasi mkubwa. Huko nyuma kote ni kiwanda cha kuchachusha majani, bakteria hawahesabiki. Kati ya hao bakteria na damu kuna safu MOJA tu ya seli. Moja. Nikiliwaza hilo huwa nashangaa kwanini farasi hawaumwi kila siku.

Naendelea, msiwe na haraka.

Mzee_wa_Hatamu:

Nimekaa siti ya mbele mkuu, shusha nondo. Ila usituletee herufi na namba tupu, wengine shule tuliacha zamani.

KwatoNne:

@Mzee_wa_Hatamu herufi zitakuwepo kidogo, vumilia, nitazielezea.

Kipokezi cha kwanza ambacho mwenye farasi anapaswa kukijua ni TLR4. Hiki kazi yake ni kunusa kitu kinaitwa lipopolisakaridi, LPS kwa kifupi, ambacho ndo wengi tunaita endotoksini. LPS ni sehemu ya ganda la nje la bakteria wa Gram-hasi. Akiwa hai na mzima ndani ya utumbo hana noma sana, ila akifa au akigawanyika vipande vya ganda vinaachia, na vikivuka ile safu ya seli vikaingia kwenye damu hapo ndo balaa linaanza.

Kwenye damu LPS inadakwa na protini ya kuibeba inayotoka kwenye ini, inapelekwa kwa protini nyingine, CD14, na CD14 inaikabidhi kwa protini MD-2 ambayo imeshikana na TLR4, kisha TLR4 mbili zinakaribiana na ishara inaingia ndani ya seli. Ndani kuna mlolongo mrefu, mwisho wake ni protini inaitwa NF-κB kuingia kwenye kiini cha seli na kuamuru jeni za inflamesheni ziwake: TNF, IL-1, IL-6 na wenzake. Hizo ndo saitokaini, kemikali za kuitana kati ya seli za kinga. Mishipa midogo inavuja, ukuta wa utumbo unajaa maji, nyutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) wanamiminika, homa, moyo unakimbia.

Historia kidogo kwa wanaopenda: Toll, kile kipokezi kilichozipa TLR jina, ilianza kujulikana kwa inzi wa matunda, mwaka 1996 maabara ya Jules Hoffmann Ufaransa ikaonyesha inamkinga yule inzi na fangasi, na mwaka 1998 timu ya Bruce Beutler Marekani ikaonyesha panya wasiosikia LPS wana hitilafu kwenye jeni ya TLR4. Hao wawili waligawana Nobeli ya 2011 na Ralph Steinman.

Sasa njoo kwa farasi. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoisikia LPS vibaya mno. Kwenye majaribio ya kumfanyia farasi endotoksemia ya makusudi, yaani kumwekea endotoksini kwenye damu, nanogramu 30 kwa kila kilo ya uzito zinatosha kumpandisha homa na kumletea dalili za koliki, yale maumivu ya tumbo. Farasi wa kilo 500 hiyo ni mikrogramu 15 kwa mwili mzima. Panya wa maabara vipimo vyake kwenye majaribio mengi vinahesabiwa kwa miligramu kwa kilo, na miligramu moja ni nanogramu milioni. Kwa hiyo ukisoma sehemu kwamba kitu fulani kimetuliza inflamesheni ya utumbo kwa panya, jiulize mara mbili kabla hujafungua pochi.

Bi_Majani:

Kaka ahsante kwa darasa. Swali langu, hiyo LPS si ipo humo tumboni siku zote? Mbona basi farasi hawaanguki? na kwanini wakipewa nafaka nyingi ndo mambo yanaharibika?

KwatoNne:

Dada swali zuri sana hilo.

Ipo siku zote na ipo nyingi mno. Kinachomwokoa ni mpangilio. Kwanza ute unaofunika ukuta, pili zile seli za ukuta zimefungwa ubavu kwa ubavu na viungio vinavyobana, tatu vipokezi vyenyewe haviko popote tu. Mfano TLR5, kipokezi cha kunusa mkia wa bakteria, kwa binadamu imeonyeshwa kwamba seli za ukuta wa utumbo zinakiweka upande wa chini, ule unaotazama damu, sio upande wa juu unaotazama bakteria. Akili kubwa hiyo. Bakteria akiwa mahali pake hasikiki, akishavuka tu anasikika. Na chochote kidogo kinachovuka kila siku kinapita kwanza kwenye ini, ambako kuna seli maalum za kukisafisha kabla hakijaenda mwilini.

Nafaka sasa. Wanga unatakiwa umalizike kwenye utumbo mwembamba. Ukimpa mwingi kwa mlo mmoja unapitiliza, na ushauri wa sasa ni kukaa kwenye gramu 1 hivi ya wanga kwa kilo ya uzito kwa mlo. Ukifika sekamu, bakteria wa kutengeneza asidi ya laktiki wanazaliana kwa fujo, pH inashuka chini ya 6, wale waliozoea majani wanakufa kwa wingi na maganda yao yanaachia LPS, na wakati huohuo asidi inaunguza ukuta. Yaani mzigo unaongezeka siku ileile ambayo geti limevunjika. Baada ya hapo ndo unasikia habari za laminaitisi, kwato zinauma, na mtu anashangaa tumbo na kwato vinahusiana vipi.

Dokta_Ngozi:

Mimi ni daktari wa wanyama, naomba nichangie upande wa zizini manake uzi umekaa vizuri.

Mnyanyue mdomo wa juu muangalie fizi. Za farasi mzima ni za waridi na zina unyevu, ukibonyeza na kidole panakuwa peupe halafu rangi inarudi ndani ya sekunde 2. Akiwa na endotoksini kwenye damu fizi zinaanza kuwa nyekundu kama matofali, baadae zambarau, na pale fizi inapokutana na meno unaona mstari mweusimweusi kama mtu kachora na kalamu. Rangi inachelewa kurudi. Mapigo ya moyo ambayo akiwa ametulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika unakuta 70, 80. Ukiuona ule mstari acha kusoma uzi piga simu.

Na jambo la muda: kwenye majaribio TNF inafika kileleni ndani ya saa moja mpaka moja na nusu hivi baada ya LPS kuingia. Homa unayoipima inakuja baadae. Maana yake unapomwona farasi hoi, TLR4 zilishapiga kelele muda mrefu. Ndo maana dawa nyingi zilizolenga kuzuia TNF peke yake ziliangusha watu, na ndo maana sisi tunapambana na vitu viwili, kuidaka LPS ambayo bado inaingia na kupunguza madhara ya ile iliyoshapita. Kudaka tunatumia polimiksini B kwa kipimo kidogo, hii inashikana na lipidi A ambayo ndo sehemu yenye sumu ya LPS, kipokezi kinabaki kikisubiri. Ila figo ziwe zinafanya kazi na farasi awe na maji mwilini, vinginevyo unamuua na dawa.

Pilipili_Kichaa:

Haya yote mazuri lakini mnazunguka mbuyu. Dunia imeshahamia kwenye mafuta ya CBD, ile kemikali ya mmea wa bangi. Farasi ana vipokezi vya kanabinoidi, kemikali za jamii hiyo, kwenye utumbo, hilo limethibitishwa, na CBD inapunguza inflamesheni, hilo nalo limethibitishwa. Jamaa yangu anampa wake na tumbo limetulia. Mamalia wote ni walewale, kipokezi ni kipokezi. Tatizo lenu madaktari mnaogopa kukosa wateja 😂

Dokta_Ngozi:

Wateja ninao wa kutosha ndugu yangu, natamani wapungue.

KwatoNne:

@Pilipili_Kichaa ulichosema nusu ni kweli, kwa hiyo sikurushii mawe. Ngoja nitenganishe.

Vipokezi vipo. Vya kanabinoidi vinavyojulikana zaidi ni viwili: CB1 kilinakiliwa jeni yake mwaka 1990, CB2 mwaka 1993, na katikati hapo 1992 ikapatikana anandamidi, molekuli ambayo mwili unajitengenezea wenyewe kuvigusa. Watafiti wa Bologna, Italia, walichukua iliamu ya farasi, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, wakaipaka kingamwili zenye rangi ya kung'aa na kuonyesha wapi vilipo CB1, CB2 na ndugu zao kama PPARα, TRPA1 na vinginevyo. Kazi nzuri kabisa na ilihitajika.

Lakini angalia picha ya namna hiyo inakwambia nini. Unachukua kipande cha utumbo kilichokatwa chembamba, unakiweka chini ya hadubini ya mwanga maalum, kwenye giza unaona vidole vidogo vya ukuta wa ndani vimesimama, pembeni vivimbe vya seli za neva kati ya tabaka mbili za misuli, na madoa ya kijani au mekundu pale kingamwili iliposhika. Kinachong'aa kinakwambia protini IPO. Hakikwambii inafanya nini, hakikwambii inafanya kiasi gani, na hakikwambii ukimlisha farasi mafuta dawa itafika pale ikiwa na nguvu. Tena kingamwili nyingi sokoni zimetengenezwa kwa ajili ya protini za binadamu au panya, kwa hiyo lazima kwanza uthibitishe kwamba kwa farasi inashika kitu kilekile na sio jirani yake. Watu makini wanafanya hivyo, wauzaji ndo wanarukia kwenye hitimisho.

La pili, CBD yenyewe haishiki CB1 na CB2 kwa nguvu. Wanaoisoma wanaitafuta zaidi kwenye vipokezi vingine, TRPV1, kimoja cha serotonini, PPAR na kadhalika. Kwa hiyo ile sentensi "farasi ana CB1 kwa hiyo CBD itamsaidia" inakatika katikati.

La tatu ndo linanitisha mimi binafsi. CB1 kwenye neva za utumbo kikiwashwa kinapunguza utolewaji wa asetilikolini, na asetilikolini ndo inayosukuma misuli ya utumbo. Kwa panya na binadamu mwendo wa utumbo unapungua, na mtu mwenye kuhara anaweza kufurahi. Farasi ana kona ya utumbo mpana inayogeuka nyuzi 180 halafu bomba linakuwa jembamba ghafla, majani yakisimama pale unapata koliki ya kuziba. Na farasi hawezi kutapika. Kumpunguzia mwendo wa utumbo bila kupima ni kamari.

Na kama farasi wako anashindana, CBD imo kwenye orodha ya FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, ya vitu visivyoruhusiwa mashindanoni. Hiyo tu ingetosha kumfanya mtu asite.

Mzee_wa_Hatamu:

TRPV1 si ndo ile ya pilipili? Nilisikia kuna farasi walifungiwa kwa pilipili nikajua ni utani wa vijiweni.

KwatoNne:

Sio utani mzee. Olimpiki ya 2008 mashindano ya farasi yalifanyika Hong Kong, na farasi kadhaa wa kuruka viunzi walikutwa na kapsaisini, ule ukali wa pilipili. Wasiwasi ulikuwa kwamba ukiipaka miguuni ngozi inakuwa nyepesi kuhisi, farasi akigusa mti anaumia zaidi kwa hiyo anaruka juu. TRPV1 ndo kipokezi chenyewe, jeni yake ilipatikana 1997 na maabara ya David Julius, na Nobeli akaipata 2021 pamoja na Ardem Patapoutian.

Kwenye utumbo hichohicho kipo kwenye neva za maumivu. Inflamesheni ikishakuwepo, asidi na prostaglandini (kemikali ambazo mwili unatoa wakati wa inflamesheni) zinakifanya kiwe chepesi kuwaka, ndo maana utumbo wenye inflamesheni unauma hata gesi ikiwa kidogo tu. Cha kuchekesha ukikiwasha sana kwa muda neva inachoka na maumivu yanapungua. Kipokezi kimoja, matokeo mawili kinyume. Haya, nani bado anaamini lebo ya kopo inayosema "inasaidia kipokezi"?

Pilipili_Kichaa:

Sawa umenibana kwenye CBD. Lakini hapo kwenye mamalia bado. TLR4 ya farasi na ya binadamu si kitu kimoja? Dawa ikifunga ya mtu itafunga na ya farasi.

KwatoNne:

Hapo sasa ndo penye utamu wenyewe, na nilikuwa natafuta mtu wa kuuliza.

Kuna bakteria anaitwa Rhodobacter sphaeroides. LPS yake ni ya ajabu, lipidi A yake ina minyororo mitano ya mafuta wakati ile ya E. coli ina sita. Kwenye seli za binadamu na za panya hii LPS inakaa kwenye MD-2 na TLR4 bila kuwasha, inamzuia mwenzake asiwashe. Yaani dawa kabisa, ya kumezewa mate. Watafiti wa farasi wakasema hii ndo suluhisho la endotoksemia yetu, wakaijaribu kwenye seli za damu za farasi, matokeo yakachapishwa 2003: kwa farasi INAWASHA. Kitu kilichotakiwa kizime moto kikawa ndo kibiriti. Sababu ni tofauti ndogo ndogo za umbo la MD-2 na TLR4 za farasi, mfuko unaobeba mafuta hayo unakaa kidogo tofauti na minyororo mitano inatosha kuvuta TLR4 mbili pamoja.

Fikiria mtu angeichukua moja kwa moja kutoka kwenye matokeo ya binadamu akamchoma farasi anayeumwa koliki.

Na sio TLR4 tu. TLR5 niliyoitaja juu, kwa binadamu monosaiti wa damu, aina nyingine ya seli nyeupe, wanaitumia vizuri. Kwa farasi imeonekana nyutrofili wanajibu, monosaiti wake hawajibu. Jina moja kwenye kitabu, wanyama wawili, seli tofauti.

Pilipili_Kichaa:

Dah. Hiyo ya kibiriti imeniingia. Nakaa kimya kidogo.

Bi_Majani:

Naomba nirudishe mambo zizini. Wengi wetu farasi akishika tumbo tunakimbilia dawa za maumivu, fluniksini au byuti, na naona vinasaidia kweli maana anaacha kujitupa chini. Nimesikia pia ndo hizohizo zinaharibu utumbo, ipi ni ipi jamani?

Dokta_Ngozi:

Zote mbili ni kweli mama, na jibu lipo kwenye vipokezi vya prostaglandini.

Seli ikishawashwa na TLR4 inaongeza kimeng'enya COX-2, kinatengeneza prostaglandini kwa wingi, ikiwemo PGE2. PGE2 ina vipokezi vinne, EP1 mpaka EP4. Kwenye ubongo inapandisha homa, kwenye neva inaongeza maumivu. Lakini kwenye ukuta wa utumbo PGE2 hiyohiyo inatunza mtiririko wa damu, inaleta ute, na utumbo ukiumia inasaidia vile viungio vya seli vifunge tena. Fluniksini na fenilbutazoni (ndo hiyo byuti) zinabana COX-2 na ndugu yake COX-1 kwa pamoja, kwa hiyo unazima maumivu na unazima fundi wa kuziba ukuta hapohapo.

Hili limepimwa kwa farasi wenyewe sio panya. Utumbo mwembamba uliokatiwa damu kwa muda halafu ukarudishiwa, farasi waliopewa fluniksini ukuta wao ulichelewa kuziba, waliopewa firokoksibu ambayo inalenga zaidi COX-2 uliziba vizuri na maumivu yalidhibitiwa. Baadae wakajaribu kwa wagonjwa halisi waliofanyiwa upasuaji wa utumbo mwembamba ulionyongwa, maumivu yalikuwa sawa pande zote ila wa fluniksini alama ya endotoksini kwenye damu, ile CD14 iliyoachia kutoka kwenye seli, ilipanda zaidi.

Byuti ikizidi kipimo au ikiendelea muda mrefu, hasa farasi akiwa hanywi maji vizuri, inaweza kuchimba vidonda kwenye utumbo mpana wa juu kulia. Sijui kwanini inapenda pale, ila pale ndo tunapopakuta: ukuta umevimba, protini inavuja, albumini ya damu inashuka, mnyama ana uvimbe wa maji chini ya tumbo na koliki za mara kwa mara zisizoisha. Na mwenye farasi anafanya nini akiona koliki? Anaongeza byuti. Nimeshaona mzunguko huo na unaudhi.

Sisemi msitumie fluniksini. Farasi anayegaragara anahitaji dawa ya maumivu na fluniksini ni dawa nzuri sana. Nasema dozi moja wakati unamsubiri daktari ni jambo moja, kuchoma asubuhi na jioni wiki nzima bila kujua ugonjwa ni jambo lingine.

Na wale wa Buscopan, ile inafunga vipokezi vya muskarini, ambavyo ni vya ile asetilikolini, utumbo unalegea na maumivu ya mkazo yanaisha haraka, ila moyo nao una vipokezi hivyohivyo kwa hiyo mapigo yanapanda kwa nusu saa hivi. Hesabu mapigo KABLA hujachoma. Nikija nikakuta 72 na hujaniambia umechoma nini sijui kama namwangalia mgonjwa au naangalia sindano yako.

Mzee_wa_Hatamu:

Dokta leo umeamka na watu 😂 ila umeeleweka.

Fundi_Tandiko:

Mi nimesoma kimyakimya toka juu. Vipokezi vyote mnavyotaja ni vya vita, hamna vya amani?

KwatoNne:

Vipo, tena vinalishwa na majani ya kawaida kabisa.

Bakteria wa utumbo mpana wakichachusha nyuzi za majani wanatoa asidi fupi za mafuta, asetati, propionati na butirati. Farasi anapata sehemu kubwa ya nguvu zake humo. Lakini hizo asidi pia zinagusa vipokezi vyake, GPR41, GPR43, na butirati inagusa kingine ambacho ni hichohicho cha niasini. Kwenye wanyama waliosomwa zaidi, panya hasa, vikiguswa seli za kinga za utumbo zinaelekea upande wa uvumilivu, na butirati yenyewe ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Kwa farasi tunajua asidi zipo na kwa wingi, kuhusu vipokezi nishajisema mwenyewe juu huko kwamba panya sio farasi kwa hiyo sitapiga kelele sana. Ila kumpa nyuzi za kutosha, angalau asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku kama chakula kikavu, hakujawahi kumdhuru farasi kama byuti ilivyomdhuru. Mtu ananunua kopo la unga wa kutuliza utumbo wakati farasi amesimama tangu saa mbili usiku mpaka asubuhi hana jani mdomoni. Inaniuma kichwa.

Fundi_Tandiko:

Nina wangu mmoja anakonda, anakula vizuri, kuhara kunakuja na kuondoka, uvimbe kidogo chini ya tumbo. Nimeambiwa ni inflamesheni ya kudumu ya utumbo na nimepewa vidonge vya prednisoni, naona hakuna mabadiliko. Niendelee?

Dokta_Ngozi:

Mtandaoni sitibu, ila kuna vitu viwili vya kumuuliza daktari wako.

Cha kwanza, ni prednisoni au prednisoloni? Zote ni steroidi, na steroidi inapenya mpaka ndani ya seli, kipokezi chake kipo huko ndani, vinaingia pamoja kwenye kiini na kuikata makali NF-κB ileile iliyowashwa na TLR4. Ni dawa yenye nguvu kweli. Lakini prednisoni yenyewe haifanyi kazi mpaka mwili uigeuze kuwa prednisoloni, na kwa farasi ukimpa prednisoni ya kumeza karibu hakuna prednisoloni ya maana inayoonekana kwenye damu. Kwa mtu inafanya kazi, kwa farasi unalisha chaki. Prednisoloni ya kumeza inanyonywa vizuri, au wanatumia deksamethasoni. Steroidi zina hatari yake ya laminaitisi kwa baadhi ya farasi, hasa wanene na wenye shida ya insulini, hiyo nayo muiongelee.

Cha pili, minyoo imeangaliwa? Kuna minyoo midogo, siathostomini, mabuu yake yanajichimbia ndani ya ukuta wa sekamu na utumbo mpana, yanaweza kulala humo hata zaidi ya mwaka, halafu yanatoka kwa mkupuo na ukuta unachanika. Kuhara, kukonda, albumini chini, picha ileile unayoisema. Na kuhesabu mayai kwenye mavi kunaweza kutoa sifuri kwa sababu mabuu hayatagi. Angalia mavi mabichi kwa makini, au glovu ya daktari baada ya kupima njia ya nyuma, utaona vijiuzi vyekundu vyembamba visivyofika sentimita mbili vinajinyonga. Ivermektini ya kawaida hayo yaliyojichimbia haiyafikii, moksidektini ndo inayafikia, na asipewe kiholela maana farasi aliyekonda sana akizidishiwa kipimo anaathirika, na mabuu mengi yakifa kwa pamoja ndani ya ukuta inflamesheni inaweza kupanda kabla haijashuka.

Mwambie apime albumini, afanye kipimo cha kunyonya glukosi, na kama anaweza achukue vipande vya ukuta wa utumbo mwembamba wa mwanzo kwa endoskopu pamoja na vya njia ya nyuma, asichukue vya nyuma peke yake. Vikionyesha eosinofili wamejaa au limfosaiti wamejaa (zote ni aina za seli nyeupe) ndo tutajua tunapigana na nani.

Fundi_Tandiko:

Nimeangalia chupa. Ni prednisoni. Nampigia sasa hivi.